Profaili Yenye Picha ya Jogoo

"Mume wangu, Jumamosi nakuja. Mama asijue."

Maneno hayo niliyasoma kwenye laptop yangu mwenyewe! Na mwandishi ni Tracy, binti yangu wa miaka kumi na sita.

Wasomaji, nilikaa chini.

Mimi ni karani wa ofisi ya mizigo hapa Busia, upande wa Kenya. Laptop ni moja, kwa hiyo kivinjari nilikigawa: profaili ya Kazi, profaili ya Nyumbani. Barua za wateja huku, masomo ya Tracy kule. Unazifungua zote kwa pamoja na hazijuani kabisa. Nilijivunia sana.

Siku hiyo nimechoka, nikabonyeza kiduara nisichokijua. Profaili ya tatu! Picha ya jogoo.

Jibu la huyo mwanaume lilikuwa hili:

"Mke yangu, kuja. Saa nne, stendi ya Tororo. Kuku yako nimefunga."

Kiswahili cha ng'ambo, kama cha kwetu Merikit, nilikozaliwa, upande wa pili wa mpaka. Na kuku wa nini?!

"Tracy, Jumamosi uko wapi?"

"Kwa kina Caro, Mum. Tunasoma."

Hata hakupepesa macho.

Jumamosi asubuhi nikamwambia, "Leo hutoki. Fua mapazia."

"Mum, please! Kuna mtu ananingoja!"

"Najua. Naenda mimi."

Uso ukamshuka. "Mum, ngoja nikuambie..."

"Utaniambia nikirudi."

Nikavuka mpaka na mchi wa kinu ndani ya mkoba. Sitanii.

Tororo, nikatafuta kijana wa cheni na miwani. Hakuna. Kulikuwa na mzee tu, kakaa kwenye gunia, kapakata kuku aliyefungwa miguu.

Viatu vyangu viliposimama mbele yake, akainua uso.

"Mke yangu? Umefika?"

Sauti hiyo niliijua.

Alikuwa baba yangu. Mzee Obbo, aliyenizaa!

Kwetu babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", naye humwita "mume wangu". Ni utani tu, na kuku ni zawadi ya mgeni. Babu yangu mwenyewe aliniita hivyo mpaka anakufa... na mimi nilisahau.

Nilipoolewa Kenya bila ruhusa yake, Baba alisema nisikanyage kwake. Nina kichwa kigumu. Miaka kumi na saba sikukanyaga. Sikujua hata kwamba macho yake yamekwisha. Tracy ndiye aliyemtafuta mtandaoni, akampata kupitia Harriet, mwenye duka pale Merikit, anayemsomea na kumwandikia.

Akapapasa mkono wangu.

"Hii si Tracy."

"Ni Abbo, Baba."

Akaupapasa tena, kidole kwa kidole.

"Abbo gani? Mimi najua moja tu."

"Ni huyo huyo."

Mkono wake ukashuka hadi kwenye mkoba. "Na hii mchi?"

"Wa kukupiga wewe, Baba."

Mzee akacheka mpaka kuku akapiga kelele. Mimi nikalia pale pale stendi, watu wakitazama. Nilikuwa nimechoka, jamani. Kununa miaka kumi na saba ni kazi.

Kisha nikampigia Tracy.

"Mum, pole..."

"Acha mapazia. Vuka uje. Mume wako ana njaa."

Wazazi, kagueni kompyuta, ni haki yenu. Lakini mkikuta profaili ya siri, msiulize tu mtoto anamficha nani. Ulizeni ni nani aliyemfundisha kutenganisha watu.

Kwangu, mwalimu nilikuwa mimi.