Maria Gomes Imeiva

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuza mvinyo. Huku Bairrada, nchi ya mizabibu ya Ureno, chema ndicho kinachotembezwa, tena kwa gari, mkahawa kwa mkahawa, na kibaya kinakaa kwenye rafu za maduka makubwa kikijiuza chenyewe. Na mwanaume ukimtuma atembeze chema chako miaka kumi na mbili, siku moja atajitembeza na yeye.

Zulmira hakulijua hilo Septemba ile, aliposhika simu ya mumewe kwa vidole vinavyonata maji ya zabibu.

"Ivone ndiye nani?"

"Ivone wa maabara," Herminio alijibu huku akifunga kamba za viatu. "Anayekupimia mvinyo. Si unamjua?"

"Najua anapima mvinyo. Sijui kama anapima na vingine."

"Soma basi. Soma zote, ujue umeolewa na malaika."

Akasoma. Za Ivone zilikuwa tarakimu tupu, asidi na sukari. Moyo ukataka kutulia, kidole kikakataa. Kikateremka mpaka jina jingine, la mji wa jirani: Maria Gomes, Mealhada.

"Maria Gomes imeiva. Njoo kabla ya saa nne."

Na nyingine, ya wiki moja nyuma: "Mwaka huu tamu kuliko mwaka jana, umesema mwenyewe."

Mke wa nchi nyingine angeipigiza simu ukutani. Lakini Bairrada Maria Gomes ni zabibu. Ni zabibu nyeupe iliyojaa kila shamba, mtoto anaijua kabla hajajua jina la bibi yake. Zulmira alishikwa na wivu, ndiyo, ila ulikuwa wivu wa shamba.

"Herminio. Unataka kuniletea zabibu za Mealhada?"

Mwanaume akainua kichwa. Akaitazama simu, akamtazama mkewe, kisha uso ukamfunguka kama wa mtu aliyechungulia kaburi na kurudi.

"Naangalia tu, mpenzi."

"Umeonja?"

"Kidogo."

"Usionje tena. Kule kwao mchanga mtupu, zabibu zake maji. Mvinyo wa Shamba la Bibi unatoka Shamba la Bibi. Mtu akinywa aione chokaa ile, auone ukungu ule unaotambaa asubuhi, aone hata magoti ya bibi yangu yalivyochubuka pale. Ukinitilia ndoo moja ya kwingine, umeniua."

"Sitaileta nyumbani. Nakuapia."

Na kweli, nyumbani hakuileta.

Februari ikaja. Zulmira alikuwa ametoka kupogoa, mkasi bado mfukoni, anaota moto jikoni. Baba yake, mzee Anselmo, alikuwa anakunywa supu ya kabichi. Herminio yuko nje anapakia makasha kwenye gari. Simu yake ikalia mezani, na Zulmira hakujizuia.

"Maria Gomes imeiva. Njoo mchana huu, mlango nimeuacha wazi."

Akatazama dirishani. Mizabibu ilisimama kama vijiti vya kuchokonolea meno. Hakuna jani hata moja kutoka hapo mpaka kanisani.

"Baba, Maria Gomes inaiva lini?"

"Umelewa, binti yangu? Mwisho wa Agosti. Ikichelewa sana, Septemba."

"Na Februari?"

"Februari kinachoiva ni homa."

Zulmira akainakili namba. Akashuka kwenye ghala la mvinyo, akajibanza nyuma ya mapipa, akapiga kwa simu yake mwenyewe.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, laini, redio inaimba nyuma yake.

"Naongea na nani?"

"Maria Gomes."

"Nimeuliza jina lako, dada. Sikuuliza la zabibu."

"Ndilo jina langu. Maria Gomes, wa mkahawa wa nguruwe wa kubanika hapa Mealhada. Unataka kuhifadhiwa meza?"

Zulmira akakaa juu ya kasha. Mwanaume hakuhangaika hata kutunga jina.

"Mimi ni mke wa Herminio."

Redio ikazimwa.

"Senhora," sauti ikarudi chini, "mimi sikumtafuta. Aliniambia mke wake kaolewa na kipande cha ardhi, kwamba yeye pale ni mpangaji tu. Nikamwonea huruma."

"Na hii ya kuiva? Kinachoiva ni nini, zabibu au wewe?"

"Alinifundisha yeye. Alisema andika hivyo, mke wangu hata akisoma atawaza udongo."

Hapo ndipo wivu wenyewe ulipoingia. Ule wa Septemba ulikuwa mchezo. Huu ulimfanya aulize asichotaka kujibiwa.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mikono yako laini?"

"Senhora, jamani."

"Nijibu."

"Laini, ndiyo."

Zulmira akaitazama ya kwake. Chokaa kwenye kucha, nyufa kwenye vidole, kovu la mkasi. Akakata simu. Wiki tatu alimpikia mumewe, akamfulia kama kawaida, na kila alipotoka na gari alimsindikiza mpaka langoni.

"Leo unapita wapi?"

"Mealhada, na Coimbra nikipata nafasi."

"Nenda salama. Usichelewe, fika kabla ya saa nne."

Herminio alicheka, lakini shingo ilimwiva.

Machi wakaja wanunuzi kutoka Lisbon na Porto, watu tisa. Ndiyo siku ya mwaka mzima kwa nyumba ile. Wakipenda, mavuno yote yamepata wenyewe. Wasipopenda, mapipa yanabaki ghalani. Herminio ndiye aliyewaleta, na kwa kuwa ana sauti ya kuhubiri, ndiye aliyesoma lebo ya kila chupa kabla ya kumimina. Lebo za nyumba ile ziliandikwa na Zulmira: shamba, udongo, siku ya kuvuna, basi.

"Shamba la Bibi," alisoma. "Chokaa na mfinyanzi. Imevunwa tarehe thelathini Agosti."

Wageni wakaonja, wakafumba macho. Bwana wa Lisbon akasema anasikia jiwe lililonyeshewa. Herminio, kifua mbele, akachukua chupa ya pili.

"Maria Gomes ya Mealhada. Udongo: jiko la mkahawa. Imevunwa mara kwa mara, kabla ya saa nne, hata Februari. Mvunaji: Herminio, mume wa..."

Sauti ikamfia. Mama mmoja wa Porto akaichukua chupa mkononi mwake, akavaa miwani, akamalizia.

"Mume wa mtu. Harufu ya mwanzo nzuri. Haina mzizi. Inywewe upesi, haiwekeki." Akaitazama juani. "Na ndani mna nini?"

"Maji ya bomba," Zulmira alisema.

Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakasoma sahani zao. Herminio akamshika mkewe mkono, wakaingia ghalani, mzee Anselmo nyuma yao.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nguo ulishavua mwenyewe. Mimi nimeandika tarehe."

"Na wewe ulinipa nini, Zulmira? Ukionja mvinyo unafumba macho. Kwangu mimi hujafumba macho hivyo hata siku moja. Nimeona wivu na shamba. Mwanaume mzima, wivu na chokaa."

Neno hilo lilimpata.

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

"Pengine nisingesikia. Hilo langu, nalibeba. Lakini uliyachukua mapenzi yangu ya zabibu ukayafanya shuka la kujifunikia na mwanamke mwingine. Hilo lako."

Herminio akapangusa uso.

"Sikiliza. Wale watu wananijua mimi. Rudi pale useme ulikuwa utani, uombe radhi. Nitaachana na Mealhada, tutalala kitanda kimoja, mavuno yatauzwa. Usipoomba, naondoka leo, nao wanaondoka na mimi."

"Mwanangu," mzee alisema kwa upole, "ni neno moja tu. Limeze, nyumba isimame."

Zulmira akarudi mezani. Watu tisa wakanyanyua macho. Herminio akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, akisubiri.

"Mume wangu ananidai radhi mbele yenu," alisema. "Anasema bila hiyo anaondoka, na nyie mnamfuata. Baba yangu naye ananisihi. Nimewasikia wote wawili."

"Zulmira," Herminio alimnong'oneza, "nakusubiri."

Akavuta kiti, akakaa kati ya wageni.

"Usinisubiri. Siombi radhi."