Kisima cha Mfaume

Mfaume alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, Temeke. Kila asubuhi aliwamba vitanda barazani, huku majirani wakipita na ndoo kwenda kuteka maji uani kwake. Kisima kilikuwa chake, lakini hakumnyima mtu maji. Watu walimheshimu, wakamchagua kuingia katika baraza la mtaa.

Masika yalipoingia, watu wengi mtaani wakaanza kuhara. Watoto kadhaa walilazwa hospitali. Wajumbe wa baraza wakakutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mzee Shomari.

"Maradhi haya yameletwa," alisema Mfaume. "Hayakuwapo kabla wageni wa bara hawajahamia hapa. Yule Margareta simtaki tena kisimani kwangu."

Margareta alikuwa mke wa kuli wa bandarini, nao walikuwa wageni mtaani.

"Tusimhukumu mtu kwa kudhani," alijibu Mzee Shomari. "Tumwite bwana afya, akague nyumba zote."

"Aanze kwa huyo huyo!" alisema Mfaume.

Kesho yake Margareta alikuja na ndoo yake. "Shikamoo, baba."

Mfaume hakuitikia. "Usije tena hapa," alisema mbele ya majirani waliokuwa wakiteka. "Mnatuletea uchafu."

Margareta akageuka na ndoo tupu, mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo akawa anateka maji mbali, bondeni.

Bwana afya, jina lake Marselino, alikuja akafuatana na wajumbe. Walianza kwa Margareta. Ua ulikuwa umefagiwa. Maji ya kunywa yalikuwa yamechemshwa, na mtungi umefunikwa.

"Hapa sina la kusema," alisema Marselino.

Kisha wakaingia kwa Mfaume. Marselino alitazama choo, kisha akatazama kisima.

"Choo hiki umekichimba lini, mzee?"

"Mwaka jana. Cha zamani kilijaa."

"Tazama, choo kiko juu ya mteremko, kisima kiko chini. Udongo wetu ni mchanga, unapitisha maji upesi. Mvua ikinyesha, uchafu wa choo unateremka chini kwa chini mpaka kisimani. Watu wanaumwa kwa maji haya."

"Lakini maji yangu ni meupe!"

"Ndiyo, mzee. Vijidudu vya maradhi havionekani kwa macho."

Chausiku, mke wa Mfaume, alikuwa amesimama mlangoni. "Mie nilikwambia siku ile unachimba," alisema polepole. "Ukasema mambo ya shimo si ya wanawake."

Wajumbe wote waliinamisha macho. Mfaume alivua kofia, akaivaa tena. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliwakumbuka watoto waliokuwa hospitali, waliokunywa maji yake. Akamkumbuka Margareta.

"Baraza si mahali pa kuchekana," alisema Mzee Shomari. "Tuseme la kufanya."

Marselino akaeleza. Choo kile kifukiwe, kichimbwe kingine upande wa chini, mbali na kisima. Kisima kitiwe dawa, kijengewe ukingo na kifuniko, kiwe na ndoo moja tu ya kutekea. Kila nyumba ichemshe maji ya kunywa, na watu wanawe mikono kwa sabuni watokapo chooni.

Jioni Mfaume alikwenda kwa Margareta. Alimkuta anapepeta mchele.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Nilikusingizia."

Margareta hakuacha kupepeta. "Baba, ulinisema mbele ya watu. Wanangu wanaitwa wachafu njiani. Radhi ya humu ndani itawafikia wangapi?"

Kikao kilichofuata, mtaa mzima ulipoitwa, Mfaume alisimama. "Uchafu ulitoka kwangu," alisema. "Margareta hana kosa." Akaketi, asithubutu kumtazama mtu.

Siku ya kazi kila nyumba ilitoa mtu. Wengine walichimba, wengine walijenga ukingo. Kuhara kukapungua, na masika yaliyofuata hakuna mtoto wa mtaa ule aliyelazwa kwa kuhara.

Baraza lilipotafuta mtu wa kutunza kisima, Mfaume ndiye aliyemtaja Margareta. Wote wakakubali. Kifuniko kikatiwa kufuli, ufunguo akapewa yeye. Na Mfaume, akitaka maji ya kisima kilichomo uani kwake mwenyewe, huenda kwa Margareta akabisha hodi kama watu wengine.