Kimya cha Toba

Foleni ya chakula kwenye harusi ya Wakongomani haina adabu. Jumamosi ile ya Agosti 2015, katika ukumbi mmoja wa Louisville uliojaa vitenge, marashi na watoto wanaofukuzana chini ya meza, Angelika alisukumwa kutoka nyuma na kijiko kizima cha sombe, kisamvu cha Kikongo, kikamwagikia mwanamume asiyemjua, kwenye shati jeupe, kifuani kabisa.

"Mungu wangu! Samahani, kaka."

Mwanamume alijitazama, akamtazama yeye, kisha akacheka. Ndipo Angelika alipoyaona meno yake. Yalikuwa meupe, yamepangika vizuri, na yeye mwenyewe alionekana kujua hivyo.

"Bon, hapana shida. Shati nayo ilikuwa na njaa," alisema. "Donc, iyi sahani ya pili ni ya nani? Ya bwana?"

"Ni ya binamu yangu, Spés. Yuko kule mezani."

"Merci Mungu. Nilikuwa karibu kulia."

Angelika alicheka hadi gauni likambana. Lilikuwa la kitenge cha zambarau, na fundi alikuwa ameishiwa kitambaa akifika kwenye nyonga, akaunga kipande cha rangi nyingine akakiita mtindo. Alikuwa mwanamke mnene, wa kuujaza mlango, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania na sasa akipanga maboksi kwenye ghala moja Columbus. Wanaume walizoea kuanza na utani wa unene wake. Huyu hakuugusa. Aliitwa Cubaka, mzaliwa wa Bukavu, na alifanya kazi Buffalo kwenye kiwanda cha vifuniko vya chupa.

Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula nini leo, sheri, mupenzi wangu?"

"Wewe kila siku chakula! Huna swali jingine?"

"Kwetu Bukavu, mutu asipokuuliza umekula nini, hakupendi."

"Nimekula wali na maharage. Haya, unanipenda?"

"Maharage ilikuwa na chumvi?"

"Ndiyo."

"Bon, basi ninakupenda."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Angelika hakumwambia. Sukari yake ilipanda, magoti yakaanza kukataa kazi, na daktari akamshauri apasuliwe, apunguzwe tumbo. Kukubali kulimchukua nusu saa tu. Kilichomsumbua ni kuchagua nani wa kumwambia.

Mama yake alikuwa bado kambini. Utamwambiaje mwanamke anayepanga foleni ya unga na mbaazi kwamba binti yake amekwenda Marekani, akala akashiba, halafu akaomba akatwe tumbo asile tena? Kanisani je? Huko mtu akipungua watu hawasemi amependeza. Wanasema ameupata ugonjwa ule, wanakuja na chungu cha uji na macho ya msibani. Mama Ruta, mke wa mchungaji wa Louisville, ndiye kabisa hakupaswa kujua. Alikuwa na sauti nzuri ya maombi na sikio zuri zaidi la umbea.

Mwishowe alichagua wawili. Spés, kwa sababu hospitali haikumruhusu mgonjwa kujiendesha kwenda nyumbani. Na Cubaka, kwa sababu alimpenda.

Alimwambia Januari, Cubaka alipokuja kumtembelea. Walikuwa ndani ya gari nje ya duka kubwa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, theluji ikifunika kioo. Cubaka alisikiliza mpaka mwisho, akageuzia uso dirishani, akatoa leso. Alipogeuka tena, mdomo wake ulikuwa umebonyea kama wa mzee. Meno manne ya mbele yalikuwa mkononi.

"Askari alinipiga na kitako ya bunduki," alisema, na kila neno lilitoka na upepo. "Mama peke yake njo anajua. Batu yote wanasema Cubaka ana meno ya muzuri. Sasa weye una yangu, miye nina yako."

Angelika akambusu palepale penye pengo.

Alipasuliwa Machi. Siku ya pili, bado kichwa kizito kwa dawa, alipiga laini ya maombi kama alivyozoea. Kila jioni, watu wa kanisa lao wa Louisville, Columbus na Buffalo walipiga namba moja, wakakutana hewani. Mama Ruta ndiye aliyeiongoza, na alianza daima na kimya cha toba. Laini ziliachwa wazi, na kila mtu alinyamaza aungame moyoni mwake. Kukohoa kwenyewe kulionekana dhambi.

Kimya kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza wakati Cubaka alipopiga. Angelika alibonyeza kitufe kwa kidole kilichovimba kwa dripu, akampokea.

"Sheri, uko muzima?"

"Niko mzima. Wamekata tumbo, wameniachia kidogo kama ndizi. Nakunywa mchuzi kwa kijiko cha dawa."

"Nani anajua?"

"Wewe na Spés tu. Mama Ruta akijua nimekwisha! Mdomo wa yule mama hauna kofuli."

Walicheka, naye akashika kidonda. Akakata simu, akalala.

Aliporudi kanisani Columbus, mwezi haujaisha, wanawake walimpokea kwa sauti za chini. Bibi Agata, ambaye umri ulishamwondolea aibu, alimvuta kando akamwomba amwonyeshe kovu. Na jioni hiyo, kwenye laini, Mama Ruta alitoa sauti yake nzuri:

"Tumkumbuke dada yetu Angelika wa Columbus, aliyeruhusu kisu kiondoe alichoumba Mungu. Tumwombee asijutie. Tumwombee na mchumba wake, Bwana ampe moyo wa kuvumilia."

"Amina," walisema watu wa miji mitatu.

Mwili mzima wa Angelika uliwaka. Alimpigia Cubaka hapohapo.

"Watu wawili tu walijua. Spés ameapa, analia mpaka kamasi. Umebaki wewe."

"Ni miye," alisema taratibu. "Unisamehe, sheri."

"Ulimwambia nani? Kwa nini?"

"Unisamehe tu."

"Usiniite sheri. Usinipigie tena maisha yako yote."

Alilia, kisha akaacha kulia, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alikipeleka kazini, akakipanga pamoja na maboksi. Alikinywa na mchuzi wake wa asubuhi. Kilo zilimtoka, nguo zikamlegea, wanaume waliokuwa wakimtania sasa walimfungulia mlango, na yeye hakuona raha hata moja, maana kila alipojitazama kwenye kioo alisikia ile amina. Alimtaka Cubaka naye aisikie amina yake. Wala hakutaka kumtukana pembeni, ambako matusi yanaisha. Alitaka miji mitatu isikie.

Akasubiri Alhamisi. Siku hiyo Cubaka ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye laini, kwa hiyo asingekosa. Angelika alivaa vizuri kana kwamba wangemwona, akapaka mdomo rangi, akakaa kwenye kochi lake huko Whitehall, kitongoji cha Columbus. Mama Ruta alipouliza nani ana ombi, alijibu kwa sauti ya asali.

"Mimi, mama. Ni Angelika. Nawashukuru kwa kuliombea tumbo langu. Sasa naomba tumkumbuke ndugu yetu Cubaka, aliyetuimbia vizuri. Yale meno yake mnayoyasifu ni ya kununua. Manne ya mbele. Akilala anayaweka kwenye glasi. Tumwombee, Bwana ayashikilie yasimdondoke siku akiimba."

Mtu wa Louisville alisahau kufunga laini yake akacheka hadi akakohoa. Wengine wakafuata. Angelika aliwasikiliza mmoja mmoja, na kila kicheko kilimwingia kama chai ya moto wakati wa baridi. Katikati ya vicheko, mtu mmoja alikata simu. Alijua ni nani, akatabasamu.

Raha hiyo ilidumu usiku mmoja. Asubuhi simu ililia, namba ya Buffalo, sauti ya mwanamke mzima.

"Ni Mama Cubaka. Usiseme kitu, usikilize. Mwana yangu alinikataza niseme. Leo ninamukatalia."

"Shikamoo, mama..."

"Ile siku ulikuwa ku hopitali, uliingia mu laini ya maombi. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

"Cubaka akakuita. Sijui ulifinya nini mu ile telefoni yako, mukaingia nyinyi wawili. Tulikuwa mu kimya. Miye nilikuwa na mwiko mu mukono, batu yote bananyamaza, na weye unasema tumbo, unasema ndizi, unasema Mama Ruta hana kofuli. Na Mama Ruta alikuwa anasikia! Hakuna mutu alikutangaza, binti. Ulijitangaza."

Angelika aliketi sakafuni. Alikumbuka kidole chake kilivyovimba, akakumbuka kimya kile.

"Sasa kwa nini Cubaka alisema ni yeye?"

"Nilimwambia amuambie mupenzi wake. Akasema, 'Mama, akijua ni yeye mwenyewe, haya itamuua. Wacha anichukie miye. Kunichukia hakutamuua.'" Mama alivuta pumzi. "Tangu jana hajafungua kinywa. Wenzake ku kazi banamutumia mesaji, banauliza glasi iko wapi. Umefurahi?"

Simu ikakatwa.

Angelika aliona aibu ambayo Mama Ruta asingeweza kumpa hata kwa mwaka mzima wa maombi. Aliwaambia kazini anaumwa, na haikuwa uongo, akaingia barabarani. Akapita Cleveland, akafuata ziwa, chupa ya mchuzi mapajani, hadi Buffalo, upande wa magharibi, kwenye nyumba ya mbao yenye baraza lililoinama. Cubaka alikuwa amekaa ngazini, bado na ovaroli la kiwandani. Alimwona akishuka, suruali imemlegea, shingo imekuwa ndefu. Hakutabasamu.

"Umekonda," alisema, akifungua mdomo kidogo tu.

"Mama yako amenipigia."

"Najua. Nimemugombeza."

"Ungeniambia, Cubaka! Ungeniambia tu!"

"Ningekuambia, ungekufa na haya. Sasa haya yote iko kwangu, na bado siyakufa." Alisimama. "Miye nilikubebea mbele ya batu. Weye ulinipiga mbele ya batu. Unajua kwa nini iliniuma? Siyo meno. Ulitumia kitu nilikupa siku ulinipa yako."

"Nisamehe. Nakuomba, mpenzi wangu. Niko hapa, nipige magoti?"

"Hapa barazani? Hapa nani anasikia?" Jicho lake lilikuwa kali, na Angelika alielewa kwamba hata wanaume wapo wanaojua kulipiza. "Ulisemea kule. Bon, kaombe kule."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Angelika alirudi kwenye gari akakaa mbele ya nyumba ile hadi saa ya maombi. Akapiga namba. Mama Ruta alifungua, kimya cha toba kikaja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Angelika alikitumia kwa kazi yake, kutubu.

"Nani ana ombi?"

"Ni mimi, Angelika." Alisikia laini nzima ikijiweka sawa kwenye viti. "Ni kweli nilipasuliwa tumbo. Niliumwa, nikatibiwa, sijutii. Na aliyewaambia ni mimi, kwa mdomo wangu, mlinisikia wote mkanyamaza. Mama Ruta, nilikutukana. Nisamehe, ingawa na wewe ulinilipa vizuri."

Mama Ruta alikohoa.

"Cubaka hakumwambia mtu. Alibeba kosa langu, na mimi nikamlipa kwa kumvua nguo mbele yenu. Meno yale yaling'olewa na kitako cha bunduki. Aliyecheka, acheke tena sasa."

Hakuna aliyecheka.

"Ombi langu la leo si kwenu, ni kwake. Cubaka, nakuomba unioe."

Mwanamke kuomba kuolewa! Hewani! Kimya kikashuka juu ya miji mitatu, na hakikuwa cha toba. Angelika alilitazama dirisha. Pazia lilicheza kidogo, likatulia. Cubaka alikuwa ndani, anasikia, na alikuwa akimwacha aive. Kila pumzi ilikuwa malipo. Angelika hakukata simu. Alikaa, akalipa, jasho likimtiririka mgongoni, huku watu wakisubiri kumsikia akiaibika.

Ndipo laini moja ikafunguka.

"Mama Ruta, usifunge," sauti ilisema, na kila neno lilitoka na upepo. Alikuwa ameyatoa meno. "Mulikuwa munataka kujua Cubaka bila meno anasema namna gani? Bon, musikilize muzuri, sitarudilia. Ndiyo. Ninamuoa."

Miji mitatu ililipuka kwa vigelegele. Mlango wa nyumba ukafunguka, na Cubaka akatoka barazani pekupeku, simu sikioni, anacheka kinywa wazi, pengo lote nje jioni ile ya mtaani. Mlango wa jirani ulifunguliwa na yeye hakuufunika mdomo.

Safari hii Angelika aliitazama simu yake mara mbili, akahakikisha amekata, ndipo akashuka garini.