Pasipoti ya Fransisko

Fransisko alikuwa fundi seremala Katandala, mjini Sumbawanga. Alizaliwa Kate, kijiji cha mkoa huo huo wa Rukwa, kama baba yake. Mama yake, Rahel, alikuwa akiishi Mbala, Zambia, kwa mdogo wake. Kila baada ya mavuno, Fransisko alivuka mpaka kwenda kumwona.

Mwaka huo mama aliugua. Fransisko alifunga safari mara moja. Mpakani, ofisa mmoja wa uhamiaji aliifungua pasipoti yake, akamuuliza anakwenda kwa nani, kisha akaiweka kwenye droo.

"Mama yako yuko Zambia. Wewe si Mtanzania."

"Mzee, nimezaliwa Kate! Cheti cha kuzaliwa ninacho."

"Rudi nyumbani. Utaitwa."

Hakuitwa. Kila wiki alikwenda ofisi ya uhamiaji kuuliza, na kila wiki aliambiwa asubiri. Mkewe, Otilia, alitaka walalamike.

"Tukiwaudhi hawatairudisha," Fransisko alisema.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kwenye simu, sauti ya mama ilikuwa ikififia.

Ndipo Otilia alipokwenda peke yake kwa Hamida, msaidizi wa kisheria wa kata. Hamida alikuja jioni hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama," alisema Fransisko.

"Marahaba. Walikupa barua yenye sababu?"

"Hapana."

"Walikupa nafasi ya kujieleza?"

"Hapana."

"Basi walikosea. Ofisa wa serikali naye anafuata sheria. Akikosea, unaweza kuiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wake. Lakini maombi hayo yana muda wake. Ni miezi sita tu. Umebakiwa na mmoja."

"Mtu kama mimi, wakili nitampata wapi?"

"Asiye na uwezo huombewa msaada wa kisheria. Wakili hatakutoza. Lete cheti chako, na uandike tarehe zote ulizokwenda kuuliza."

Maombi yalifunguliwa kabla muda haujaisha. Kesi ilikuwa bado inasikilizwa simu ilipopigwa kutoka Mbala. Mama alikuwa amefariki. Walimzika bila mwanawe.

Wiki saba baadaye, jaji alisoma uamuzi. Fransisko hakupewa sababu wala hakusikilizwa. Pasipoti irudishwe.

Wakili alimpa mkono. Fransisko akaenda moja kwa moja kuichukua pasipoti.

Alivuka mpaka siku iliyofuata. Mama yake mdogo alimpeleka kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kuota nyasi.

"Alikuwa akikuita, mwanangu. Mbona ulichelewa?"

"Nilisubiri, mama. Nilidhani kusubiri ndiyo adabu."

Mwaka uliofuata jirani yake, Mayunga, alinyang'anywa pasipoti vivyo hivyo. Baba mkwe wake alikuwa mgonjwa huko huko Zambia.

"Nimeambiwa nisubiri," Mayunga alisema.

"Usisubiri hata siku moja!" Fransisko alimshika mkono. "Leo hii andika barua, udai sababu. Baki na nakala yenye muhuri wao. Kisha twende kwa Hamida."

Wakili aliwaandikia uhamiaji kwamba wasipoirudisha angekwenda mahakamani. Pasipoti ilirudi kabla hata ya kesi.

Mayunga aliporudi kutoka Zambia, alikuja kushukuru.

"Nimemkuta mzee yuko hai. Tumekula naye siku tatu."

"Nimefurahi sana, jirani," Fransisko alisema.

Kisha aliingia ndani, akafunga mlango. Otilia hakumfuata.