Neno Dogo Likikaa Mwanzo

Jumatatu ile steshenari ya Mama Honorata, jirani na soko la Mwanga, ilikuwa imefurika. Umeme ulikuwa umerudi saa nne, na kila mtu alitaka kuprinti cha kwake kabla haujakatika tena. Leonia alikuwa kwenye kompyuta, gauni la kitenge cha njano, nywele kazifunga juu, vidole vinakimbia na mdomo unatoa amri. "Wewe wa barua ya kanisa, leta flashi. Wewe wa picha, kaa kwanza."

Ndipo likapenya daftari lililofungwa kwenye nailoni. Nyuma yake kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inaweza kukukata, miguuni ndala.

"Samahani dada. Nina kitabu."

"Kurasa ngapi, kaka?"

"Ishirini na nne, nakala arobaini. Naitwa Protais Ndayiragije, nafundisha Kiingereza kambi ya wakimbizi, kule Kasulu. Kibali changu kinaisha Alhamisi jioni."

Leonia akainua macho. Mwaka ule kibali cha kutoka kambini kilikuwa adimu kuliko mvua ya Agosti, halafu huyu kakitumia kuja kuprinti. Alitaka kucheka, akashindwa. Akachapa jina la kitabu: A BICYCLE IN THE RAIN.

"Baiskeli kwenye mvua," akasema Protais. "Baba alitupakia tukivuka mpaka, mimi mdogo. Lakini dada, hapo umepiga kelele. Herufi zote kubwa ni kelele."

Leonia akafuta, akachapa upya: A Bicycle In The Rain.

"Sasa umegawa vyeo kwa wasio na vyeo." Akainama karibu, ananukia sabuni ya kipande. "Neno la kwanza na la mwisho, kubwa, yawe yoyote yale. Majina, vitendo, sifa, yale yaliyobeba mzigo, kubwa. Haya ya kuunganisha katikati, 'in' na 'the', acha madogo."

"Na haka ka-A? Mbona ndiko kadogo kuliko yote?"

"Kamekaa mwanzo. Neno dogo likikaa mwanzo linaheshimiwa."

"Na mimi ni neno gani?"

"Bado sijamaliza kusoma."

"Jamani," akalalamika mama mmoja kwenye foleni, "mtatongozana jioni. Tuna watoto nyumbani."

Kweli, jioni simu ikaita. Protais alikuwa kafikia mtaa wa Buzebazeba kwa familia ya kanisani.

"Neno la kwanza, umekula?"

"Nimekula migebuka. Wewe je, mwalimu?"

"Nakula sauti yako."

"Haishibishi hiyo."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, "ndiyo maana nitapiga tena."

Jumanne wakaongea mpaka simu ya Leonia ikaunguza sikio. Alishazoea wanaume wa mjini wa maneno matamu, lakini huyu alikuwa anauliza jambo halafu anasubiri jibu. Akalala anajua kabisa kwamba anampenda.

Jumatano Protais akaleta fomu ya kaya ya kambini, yenye majina ya anaoishi nao, nayo ichapwe. Akaiacha, akaenda kutafuta madaftari. Leonia akaanza kuchapa. Protais Ndayiragije, miaka ishirini na tisa. Astérie Manariyo, ishirini na sita. Kelly, minne.

Vidole vikasimama.

Mke na mtoto. Hakuuliza mtu. Akamaliza fomu, kisha akafungua lile jalada la kitabu, akarudisha kila herufi kuwa ndogo, hata ya mwanzo: a bicycle in the rain. Akaprinti mara arobaini. Akabana vitabu kwa stepla, akavitia kwenye boksi, akalifunga kwa gundi. Protais aliporudi akakuta boksi mezani, Leonia hayupo, na simu yake imezimwa.

Alhamisi mchana Mama Honorata akaiona nakala ya fomu ikiwa kwenye droo, na Leonia ana macho mekundu.

"Nini tena, mwanangu?"

"Ana mke, mama. Astérie Manariyo."

Mama Honorata akavaa miwani, akasoma, akavua. "Leonia. Warundi kila mtoto anapewa jina lake, halirithiwi la baba. Ndugu wa baba mmoja, mama mmoja, majina tofauti. Bibi yako wa Kalinzi aliitwa kama kaka yake?"

Leonia akatikisa kichwa. Hakuitwa hivyo.

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Basi la Kasulu linaondoka saa nane."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Leonia hakulia tena. Akaweka karatasi za manila kwenye printa, akachapa majalada arobaini mapya, moja moja, herufi kubwa zikiwa mahali pake, huku anaomba umeme usikatike. Akayakumbatia yakiwa bado ya moto, akarukia bodaboda.

Stendi, basi la Kasulu lilikuwa linanguruma. Protais alikuwa dirishani, kitabu kimoja mkononi.

"Astérie ni nani?" akauliza Leonia, hana hata pumzi.

"Shikamoo hakuna?" Protais hakutabasamu. "Dada yangu. Kelly ni wake, mumewe alirudi kule kwetu. Ndiye niliyepakiwa naye kwenye ile baiskeli."

"Nilidhani..."

"Nilipoona jalada nilijua una hasira. Mtu niliyemfundisha Jumatatu hasahau Jumatano. Nimepiga simu mara kumi na tisa."

Leonia akapitisha majalada dirishani. "Nisamehe. Stepla utakuta kambini?"

"Ipo. Leonia, siwezi kushuka."

"Sijakwambia ushuke. Rudi, usije ukaharibu kibali. Ila ukipata kingine, usije kuprinti. Njoo na mtu mzima wa kukusemea kwa baba yangu, kule Katubuka. Anaitwa mzee Thobias, anapenda wanaowahi."

Protais akamtazama kama anayesoma ukurasa wa mwisho.

"Nitakuja. Hata wakininyima mara tano, nitaomba ya sita."

Konda akagonga bodi. Dirisha lilikuwa na vumbi jekundu la njiani, na Leonia akanyoosha kidole, akaandika haraka jina lake, kisha "and", kisha la Protais.

Protais akayasoma kinyumenyume kutoka ndani, akacheka. Lile "and" la katikati lilikuwa dogo.

Basi likapanda kilima likienda Kasulu, na majina mawili yakiwa kiooni.