Abiria wa Gari la Chunya

Saulo alimweleza Makame habari zote za gari lile akiwa amesimama nje. Alimwonyesha gia kwa kupitisha mkono dirishani, na Makame alipolijaribu kwa kuzunguka uwanja, Saulo alitembea pembeni kwa miguu. Alisema magoti yanamuuma akiyakunja.

Ulikuwa mwaka 1954, mjini Mbeya. Makame alikuwa fundi saa kutoka Unguja, mgeni kabisa bara. Mkewe Mwanahawa alipofariki, nyumba ilimshinda; akafunga vifaa vyake, akavuka bahari, akawa anatengeneza saa za misheni na za maduka, mji hadi mji, kwa mabasi. Gari lile lilikuwa la Mzungu aliyechimba dhahabu Chunya peke yake miaka mingi. Alikuwa ametia kitanda nyuma, na kabati, na jiko dogo la mafuta ya taa. Aliporudi kwao alimwachia Saulo, dereva wake. Makame alipokiona kitanda alilinunua siku hiyo hiyo. Alikuwa amechoka kulala nyumba za wageni akisikiliza watu wa chumba cha pili wakicheka.

Aliondoka asubuhi kuelekea Iringa. Ukungu ulikuwa mzito. Alipopita Uyole akasikia harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ingawa vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Kisha nyuma yake kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu akigeuka.

"Ushachoka weye, Makame," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya upole, yenye lafudhi ya mtaa aliozaliwa, na hakuwa ameisikia lafudhi hiyo kwa miezi minane. Ndiyo maana alijibu kabla ya kufikiri.

"Bado kidogo," akasema.

Hapo akakumbuka kwamba yuko peke yake garini. Alisimamisha gari, akaenda kufungua nyuma. Blanketi lilikuwa limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye.

Siku zilizofuata alisimama hapa na pale kutengeneza saa, na kila aliporudi barabarani ile sauti ilimsemesha. Ilimuuliza habari za Mwanahawa, alipenda kupika nini, alikuwa akimwitaje. Makame aliogopa, lakini ndani ya ile hofu mlikuwa na jambo alilolionea haya, kwamba sauti ikinyamaza kwa muda mrefu, yeye ndiye aliyekohoa ili ianze tena.

Karibu na Makambako mvua ilikuwa kubwa. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimpungia mkono. Alijitaja kuwa Benedicta, akasema anampeleka mtoto hospitali, ana homa. Makame akamfungulia mlango. Benedicta alikanyaga ngazi, akatazama nyuma ya kiti, akabaki hivyo. Kisha akashuka taratibu, akimvuta mtoto ndani ya kanga.

"Samahani, baba," akasema. "Kumbe mmejaa."

Akarudi kusimama mvuani, na Makame, badala ya kushuka kumwita, akaondoa gari.

Alipofika Iringa aligundua kwamba masikio yake yana kasoro. Wenye maduka walimsemesha akaona midomo tu ikicheza. Msikitini sauti ya imamu ilimfikia kama inatoka ng'ambo ya bonde, na saa aliyoitengeneza aliiweka sikioni asisikie mlio wowote, yeye ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akijua ugonjwa wa saa kwa kuusikiliza, na alipokimbilia garini, sauti ile ikamjia safi, karibu kabisa na shingo, ikimwambia asihangaike, kwani wengine wana haja gani naye?

Hapo ndipo alipoulizia mganga. Walimwelekeza kwa Mwanakhamisi, mama mzee wa Kihesa, ambaye wazazi wake walitoka Bagamoyo. Makame alipomaliza kumsimulia, ilibidi mama huyo amsogelee sikioni na kupaza sauti.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Basi ulimkaribisha. Mimi nitasoma na kufukiza, lakini wa kumtoa ni wewe, mwanangu."

Ilikuwa adhuhuri, jua limewaka. Mwanakhamisi alifungua mlango wa nyuma, akazungusha chetezo cha ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka. Harufu ya udongo ikapanda, ikaushinda ubani. Akampa Makame ishara.

"Toka," Makame akasema.

"Nje kuna baridi, Makame." Sauti ilikuwa inalia.

Makame naye alikuwa analia. Akasema tena, "Toka."

Gari likainuka kidogo kwa nyuma, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka. Majani ya uani yakalala, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye ua wa minyaa, na hapo yakakoma. Mara Makame akasikia kuku, akasikia mashine ya kusaga, akasikia mtoto akiitwa nyumba ya pili.

Mwanakhamisi alikaa chini kupumzika. Alimwambia asilale garini, na zaidi ya yote asimwite yule aliyetoka, maana hajaenda mbali, huwa wanangoja. Kisha akamwuliza kama kwao yupo mtu. Makame alitikisa kichwa. Yule mama akasema basi atakula hapa, akaingia ndani kupakua wali.

Alikuwa ameshika upawa aliposikia, kule uani, sauti ya Makame ikiuliza polepole:

"Umepata baridi sana?"