Arobaini ya Mwanaidi

Kila alfajiri Mwanaidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha moto hapa Kwaluguru. Nilikuwa nauona moshi wake nikiwa bado napiga mswaki. Mimi ni Paulina, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na nyumba yangu inapakana na yake. Mumewe, Salimu, alitangulia shambani. Mwanaidi aliwapa watoto wao wanne uji, kisha naye akafuata na jembe lake.

Juu ya meko yake yalining'inia mahindi ya mbegu. Aliyachagua mwenyewe kila mavuno, moja moja. Moshi uliyafanya meusi, na wadudu hawakuyagusa.

"Hayo hayaliwi, hata tukilala njaa," aliwaambia watoto.

Mwanzoni mwa mwaka 1970 Mwanaidi alishikwa na homa. Siku ya nne akafariki. Nimeliandika jambo hilo upesi kwa sababu bado linaniuma.

Sanda ilitoka Handeni mjini, dukani kwa Mzee Shabbir. Alikuwa tajiri mwenye maduka matatu na malori, lakini sanda hakuuza. Ukifiwa, alikukatia bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, akakupa na pole, ukaenda kuzika. Wodi ya wazazi pale zahanati aliijenga yeye, akakataa jina lake kuandikwa ukutani. Hata hivyo wengine walimwita bahili. Alivaa kanzu ya bafta hiyo hiyo na katambuga za matairi, akaenda kwa miguu.

Zilipobaki wiki mbili kufika arobaini, alikuja Mdoe, kaka yake marehemu.

"Shemeji," alisema, "dada yangu hakuwa kuku. Nataka pilau. Watu mia mbili wale, washibe, waondoke wakimtaja."

"Shemeji, mvua ya mwaka jana uliiona. Nina madebe mawili ya mahindi, basi."

"Na yale ya jikoni, juu ya meko?"

"Yale ni mbegu."

"Ahaa! Kumbe umeshamsahau."

Salimu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa uani kwangu, nasikia yote. Nilitamani kumrukia yule bwana kwa maneno! Lakini nilikuwa jirani tu.

Siku ya Jumanne, Salimu aliteremsha mbegu yote, akaitia kwenye gunia. Tulipanda basi moja kwenda Handeni. Mimi nilifuata chaki ofisini, yeye alikwenda kwa Mzee Shabbir. Nilimfuata hadi dukani, maana sura yake ilinitia hofu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Salimu. Pole sana, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, chukua mahindi haya, unipe mchele wa arobaini."

Mzee Shabbir alifungua gunia. Alitoa hindi moja, akalinusa.

"Hii ni mbegu. Masika yakianza utapanda nini?"

Salimu alianza kulia, mtu mzima, katikati ya duka.

"Nisipopika, watasema sikumpenda."

Mzee alitushika mikono, akatuingiza nyumbani kwake, nyuma ya duka. Nilitarajia kuona makochi na mazulia. Niliona kitanda cha kamba, mkeka, birika, na kanzu mbili msumarini.

"Hapa ndipo unapolala, mzee?" niliuliza. Mdomo wangu haujui kusubiri.

"Panatosha, mwalimu. Mgongo ninao mmoja tu."

Tuliketi mkekani, naye akatusimulia.

"Baba yangu alifariki mwaka wa Uhuru, wakati wa njaa. Siku ya arobaini nilichinja ng'ombe watatu. Nilitaka Handeni yote ijue mimi ni mtoto wa nani. Watu walikula, wengine wakamwaga. Jioni nikamwona mama mmoja anaokota wali kwenye mchanga, punje kwa punje, anafunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia, mama, acha, nitakupa mwingine. Akasema asante, lakini mtoto huyu wa mgongoni hajala tangu jana. Hakuacha kuokota."

Alishika pindo la kanzu yake.

"Siku ile nilifanya makosa. Baba yangu sikumheshimu, nilijionyesha mimi. Tangu hapo navaa bafta hii, maana ndiyo nitakayozikwa nayo. Kinachozidi nakitoa wakati mtu bado anakihitaji."

"Sasa mimi nifanyeje?" Salimu aliuliza.

"Katika dini yetu mfiwa hapiki. Majirani ndio humpelekea chakula. Sisi tumeligeuza jambo hili, tunakwenda kumla aliyefiwa. Kama ulimpenda Mwanaidi, mwombee dua na uwalishe wanawe. Rudi na mbegu yako. Mchele sikupi. Siku ya arobaini nitakuja mwenyewe."

Nisifiche, nilikasirika. Mwenye malori mazima anakunyima hata kilo kumi za mchele!

Siku ikafika. Watu walijaa uani. Mdoe alitazama jikoni, hakuona moshi.

"Shemeji, sufuria ziko wapi?"

Salimu alisimama.

"Hakuna pilau. Mbegu ya dada yako iko juu ya meko. Nikiipika leo, wapwa zako watakula nini mwaka huu?"

Mdoe alivimba kwa hasira. Hapo Mzee Shabbir akaingia na kikapu, vumbi hadi magotini. Alitandika kitambaa, akapanga mihogo ya kuchemsha na tende.

"Nimekuja na chakula," alisema. "Tusome dua, kisha tule wote."

Bibi Mashavu, jirani yetu wa upande wa pili, alikwenda kwake. Alirudi na makande yake. Mwingine akaleta maboga. Mimi nilileta birika la chai.

Mdoe aliingia jikoni peke yake, yaliko mahindi ya dada yake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikaa mkekani kati ya wapwa zake, akaitikia dua.

Masika yalipoanza, Salimu alipanda mbegu ile. Mwaka ule watoto hawakulala njaa. Kijiji nacho kilikubaliana kuwa kwenye msiba tunapika sisi majirani, mfiwa anapumzika.

Miaka mitatu baadaye Mzee Shabbir alifariki. Alizikwa na bafta ile ile. Salimu, Mdoe na mimi tulipanda basi kwenda Handeni. Njia nzima Mdoe alipakata sufuria ya makande, akakataa kupokewa.

Tulimkuta binti wa marehemu, aliyekuja msibani kutoka kwa mumewe, anahangaika kuwasha jiko, macho yamemvimba kwa kulia.

"Acha, mwanangu," Mdoe alimwambia. "Leo hupiki. Kula. Haya ni mahindi ya dada yangu."